Etiketi za Kushona

Kabla ya adhana ya alfajiri, Hadidja alisikia kitu kikitafuna sebuleni. Kru, kru, kru. Kikanyamaza, kikaanza tena bila haraka, kama mgeni aliyealikwa. Akajifunga kitenge, akawasha tochi, akaenda kuangalia.

Panya walikuwa wanakula etiketi.

Tangu juzi, yeye na mwalimu Élisabeth walikuwa wakibandika, hapo nyumbani kwake, vipande vya karatasi kwenye vitabu vya maktaba ya shule: darasa gani, somo gani, kama programu mpya ya masomo ya taifa inavyotaka. Gundi ya dukani ilikosekana, Hadidja akapika ya unga wa muhogo, nzito kama ugali, na nzuri. Nzuri mno. Karibu kila karatasi ilikuwa imeliwa pamoja na maandishi yake. Na mkaguzi alikuwa anakuja asubuhi hiyohiyo. Mkuu wa shule alishasema: akikuta vitabu havijapangwa kufuata programu, chumba cha maktaba kitakuwa ofisi, na vitabu vitaenda stoo, ambako bati linavuja.

Kulipopambazuka Élisabeth alifika, akaona, akaketi chini na kushika kichwa.

"Bibi, njo mwisho. Tumepikia panya bukari!"

"Na hawakuomba hata mboga," Hadidja akasema. "Simama, mwanangu. Wamekula karatasi tu. Vitabu viko vizima."

Ilikuwa kweli. Kila kitabu kilikuwa kimevaa kitambaa, na meno ya panya yaliishia hapo.

Vitambaa hivyo vilikuwa vya wakati wa vita. Waasi walipoingia Kindu, askari walipiga kambi shuleni, wakawa wanawasha moto kwa vitabu. Hadidja, mfagiaji wa shule, alivitoa kidogo kidogo ndani ya kapu, chini ya majani ya sombe. Nyumba yake ilikuwa inapekuliwa, basi akavipeleka kwa Bulaimu, fundi cherehani. Bulaimu alikishonea kila kitabu vazi la mabaki ya vitenge ili unyevu usikiharibu, akavificha vyote ndani ya godoro lake, akalala juu yake mpaka vita vikaisha.

Sasa Hadidja alibana vazi moja kati ya vidole. Sindano ingepita.

"Tutashona," akasema. "Wewe utaandika, mimi nitashona."

Akaenda kwa Bulaimu. Siku hizi miguu ya mzee haimpeleki mbali. Alikuwa ameketi mlangoni, mashine yake nyuma yake imefunikwa shuka.

"Salam aleikum, Bulaimu. Ninataka mabaki, na mukasi."

"Aleikum salam. Ni vile vitabu tena?" Akacheka. "Mugongo wangu ungali unajua ile hesabu ya darasa la sita. Pembe yake ilikuwa inanichoma hapa, chini ya ubavu."

Alimpa mfuko mzima. Hadidja alipoufungua nyumbani, alikuta sindano tatu zimeshatungwa uzi. Macho ya Bulaimu yamefifia. Hadidja alijua kutunga huko kulimgharimu nini.

Walifanya kazi bila kunywa hata chai. Kitambaa cha kijani kwa sayansi, bluu kwa hesabu, njano kwa Kifaransa. Élisabeth aliandika namba ya darasa kwa kalamu ya biki, Hadidja akashona, uzi wa mwisho akaukata kwa meno, hao wakaenda shuleni na mkokoteni wa jirani.

Mkaguzi, Bwana Mwamba, alivipapasa vitabu kabatini kama mtu anayenunua nguo sokoni.

"Hizi njo etiketi?"

"Njo zenyewe, Bwana enspekteri," Élisabeth akajibu.

"Basi. Darasa la nne, sayansi, mambo ya maji."

Élisabeth akavuta kijani, namba nne. Maji. Akaulizwa kingine, akakipata. Cha tatu mkaguzi alikifungua, akalinganisha na programu yake, akatikisa kichwa.

"Hiki kinasema darasa la tano. Programu mpya imekipeleka la sita."

Élisabeth alimtazama mkuu wa shule, aliyesimama mlangoni. Lakini Hadidja alikuwa ameshatoa mkasi. Akafumua nyuzi, akaomba biki, akaandika sita upande wa pili wa kitambaa, akaanza kushona upya. Mikono ilikuwa imechoka, kitabu kikawa kinamtoroka. Bwana Mwamba alivuta kiti, akaketi mbele yake, akamshikia kitabu kwa mikono miwili mpaka alipofunga fundo.

"Programu itabadilika tena," akamwambia mkuu wa shule alipoinuka. "Hizi zinafumuliwa, kitabu hakichaniki. Chumba kibaki cha vitabu."

Jioni Hadidja alirudisha mkasi na mfuko. Alisimulia yote, hata panya, na Bulaimu alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akapapasa mfuko uliobaki mtupu.

"Kile cha hesabu, cha darasa la sita. Kiko?"

"Kiko. Kimevaa bluu."

"Utakuya tena kesho, mama Hadidja? Kuya nacho. Sijawahi kusikia mutu akikisoma."