Kadhi wa Bwana Shauri

Umbeya ule niliusikia bombani. Nikaupuuza, ukanifuata mpaka jikoni: kadhi mzee anaondolewa, kiti anapewa karani wa bomani. Karani ni mwanangu. Kadhi mzee ni kaka yangu, tumbo moja, na ndiye aliyemfundisha huyo karani kusoma alifu. Nawaandikia ninyi wajukuu, watoto wa huyo karani, muyajue mapema.

Waingereza ndio waliotutawala. Bwana Shauri, mkubwa wao wa wilaya, alitaka ardhi ya wakfu yenye makaburi yetu, ajenge nyumba za wazungu wenzake. Lakini sheria ilidai muhuri wa kadhi, na kaka alikataa. "Maiti wangu hawahami," alimwambia.

Wiki ile ile mwanangu akaniletea kitambaa cheusi na karatasi ya vipimo. "Mama, mshonee mjomba joho. Zawadi ya serikali."

Nikafurahi kama mjinga, nikidhani wamepatana. Nikakata mgongo, nikakata mabega. Kufika kwenye mikono, mkasi ukasimama. Inchi ishirini na tano! Kaka yangu ni mfupi, nimemshonea miaka nenda rudi, mkono wake haujawahi kuvuka ishirini na moja. Mwenye ishirini na tano namjua, nilimzaa mwenyewe.

Nikaenda bomani, futi ikining'inia shingoni.

"Joho la nani lile?"

"Mama nawe! Watu wanasikia."

"Wasikie. Mtu akifa, akaacha wake wawili na binti mmoja, mirathi inagawanywaje?"

"Kuna kitabu. Nitaangalia."

"Utaangalia! Na mjomba wako je?"

"Mjomba amechoka, apumzike. Nisipokubali mimi, wataleta mtu baki. Si afadhali mimi?"

Tarishi mlangoni akadakia, "Shikamoo, mama kadhi!" Nikampa mgongo.

"Mjomba wako hakuchoka, amekataa. Wewe utapiga muhuri juu ya kaburi la baba yako?"

Akainamia mafaili yake. "Baba atahamishwa kwa heshima."

Joho sikulimaliza, fundi mwingine alilimaliza kwa siku moja. Bwana Shauri, mtu ambaye msikiti anaujua kwa nje tu, akamvika mwanangu barazani, kwa mikono inayonuka wiski. Wazee walewale waliokuwa wakimsifu kaka wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Kila mmoja ana kijana anayemtafutia kazi bomani.

Alasiri yake muhuri ukapigwa. Tukapewa siku tatu za kufukua.

Mifupa ya mume wangu niliipokea kwa shuka langu mwenyewe. Kaka ndiye aliyesoma dua. Kadhi mpya alisimama kando, pamoja na Bwana Shauri, na tulipompitisha baba yake mbele yake, akatoa leso akaziba pua.

Basi epukeni haya:

Kukalia kiti cha mtu aliyefukuzwa kwa kukataa dhuluma.

Kiongozi wa dini aliyechaguliwa na asiyesali naye.

Kupiga makofi kwa ajili ya kazi ya mtoto.

Kusema "nisipofanya mimi atafanya mwingine." Huyo mwingine naye anasema hivyo hivyo.

Kumuuliza baba yenu jambo lolote la dini. Mwamkieni tu, ni baba yenu.