Prosesa Mpya ya Devin

Ukitaka kuona watu wazima wakinuniana, ingia duka la kompyuta la Gord siku ya Jumamosi, uwaulize kama prosesa yenye kache kubwa inamfaa mtu wa michezo ya kompyuta au ni kumwaga maji baharini. Hutatoka mapema. Mimi ni Marnie Pelto, naendesha basi la shule hapa Thunder Bay, na sauti yangu hunyamazisha watoto mpaka siti ya nyuma kabisa. Wale wanaume sijawahi kuwanyamazisha.

Gord ndiye mwenye duka, na ndiye mhubiri mkuu wa kache.

"Wewe Marnie hujui kupika, ndiyo maana huelewi," aliniambia siku hiyo. "Prosesa ni mpishi. Kache ni meza yake ya jikoni. Meza ikiwa ndogo, kila akitaka kitunguu anakimbilia stoo. Mpe meza pana, kila kitu kipo karibu na mkono, sahani zinatoka mfululizo."

"Na kama mpishi mwenyewe anakaanga mayai mawili? Kadi yako ya picha ya kizamani, kioo chako cha kizamani, halafu unataka meza ya hoteli."

"Mayai mawili ni yako, mama. Wenzako tunapikia harusi."

Watu wakacheka, nami nikacheka, maana alikuwa na haki nusu nami nina nusu yangu. Mchezo wenye vitu vingi vinavyokwenda kwa wakati mmoja hulainika kweli ukiipata ile prosesa. Vile vikwazo vidogo vidogo vinakwisha. Lakini mtu anayecheza taratibu, anayetaka picha nzuri tu, hataona tofauti hata umwekee miwani. Ndivyo nilivyokuwa nikibisha miaka yote, na ningeendelea kubisha.

Ndipo Devin akasema, "Mimi naitaka."

Devin ni mdogo wangu. Tumezaliwa wawili tu. Anachomelea vyuma kwenye kiwanda cha mabehewa, na katika timu yetu ya Jumamosi, ya mchezo wa kufyatuliana risasi kwenye kompyuta, yeye ndiye alikuwa mlenga shabaha. Tulikuwa tunamwachia kona ngumu kuliko zote na tunajua hapiti mtu. Tangu majani yaanze kudondoka mwaka huo, watu walikuwa wanapita.

"Mashine inanikwamisha," akasema. "Nabonyeza, inafikiri kwanza, ndiyo inapiga. Wakati mwingine alama ya kulengea inaruka yenyewe."

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," nikamtupia.

Kwa kawaida angenirudishia la kwake, tena chafu zaidi. Safari hii aliitazama mikono yake, akaitia mifukoni. Kirsi, mkewe, alikuwa amesimama karibu na mlango na koti mkononi. Akanikazia macho, nikatamani kuumeza ule utani.

Niseme wazi ili mnielewe. Baba yetu alikufa kwa ugonjwa wa Huntington. Ni wa kurithi, na dawa ya kuuponya hakuna. Alianza kwa kudondosha vikombe, nasi tukamcheka. Halafu mabega na mikono ikaanza kucheza yenyewe, halafu akawa mkali kwa Mama, halafu akasahau namna ya kumeza chakula. Mama alimuuguza mpaka mwisho, na baada ya kumzika hakukaa sana. Mtoto wa mgonjwa ni nusu kwa nusu: ama unao ama huna, na kipimo cha damu kinatosha kukuambia. Mimi na Devin tulikubaliana tusipime. Tulipeana mikono makaburini kabisa, kama watu wenye akili. Mficha uchi hazai, lakini sisi tuliona tunaishi vizuri tu.

Kirsi alinifuata nje, mpaka kwenye gari langu. Upepo wa ziwani ulikuwa unakata masikio.

"Ameniahidi mtoto," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Devin alikuwa amekataa kuzaa tangu walipooana. Alisema hawezi kumpa mtu kitu ambacho yeye mwenyewe anaogopa kukitazama.

"Amesema abadilishe prosesa kwanza," Kirsi akaendelea. "Mchezo ukilainika, akirudi kulenga kama zamani, basi atajua mikono yake ni mizima, na tutazaa. Ameapa, Marnie."

"Kwa hiyo amefanya duka la Gord kuwa hospitali?"

"Hospitali hataki kwenda. Nimemwomba mpaka nimechoka. Mimi umri unanipita, wifi yangu. Nitachukua daktari yeyote aliyepo."

Nilikasirika, tena sana. Nilimkasirikia Devin kwa ujinga wake, na Kirsi kwa kuukubali, na zaidi nilijikasirikia kwa sababu moyo wangu ulishaanza kuomba iwe mashine. Mimi niliyeipinga ile prosesa mbele ya kila mtu, wiki ile niligeuka wakili wake. Nilimpigia simu Gord nikamwambia aiagize upesi. Akaniuliza kama nina homa.

Na mjue, haikuwa ndoto ya bure. Kwenye kona ya kioo cha Devin kulikuwa na ule mstari wa kijani ambao wachezaji huuweka ili kuona mwendo wa mashine. Mashine ikiwa sawa, mstari unalala. Ikijikwaa, unarusha mwiba juu. Wa Devin ulikuwa na miiba, nimeiona kwa macho yangu. Mashine ilikuwa inajikwaa kweli. Swali lilikuwa kama inajikwaa peke yake.

Jumamosi iliyofuata baada ya chakula cha mchana tulikutana kwake, chumba cha chini, kule kwenye tanuru la kupasha nyumba joto. Gord alikuja na boksi lake na mfuko wa kile kitumbua chetu chenye sukari ya pinki juu, ambacho huwezi kukipata mji mwingine. Gord alihamia hapa baada ya msiba wetu. Habari za Baba hakuzijua, na hakuna aliyemwambia.

Devin alitaka kuifunga mwenyewe. Akafungua ubavu wa mashine, akang'oa feni, akafuta dawa ya zamani ya kupoozea. Mpaka hapo sawa. Ilipofika skrubu, ikamponyoka ikaingia ndani. Akaitoa, ikamponyoka tena.

"Mikono ya kuchomelea mabehewa hiyo," Gord akasema. "Skrubu ya hapa si ya reli, bwana. Hebu nipishe."

Devin akampisha. Akasimama nyuma yake amekunja mikono, vidole amevibana kwapani. Kirsi alikuwa ameketi kwenye ngazi, na sahani yenye kitumbua mapajani ambacho hakukigusa.

Gord alimaliza haraka, mashine ikawaka, tukafungua uwanja wa mazoezi, ule ambao vibao vinachomoza hapa na pale nawe unavifyatua. Mstari wa kijani ukalala. Haukuwa na mwiba hata wa dawa. Gord akapiga paja lake kwa furaha.

"Marnie, tazama, kisha uombe msamaha mbele ya mashahidi."

"Naomba msamaha," nikasema, na nilimaanisha. Nilikuwa tayari kuipigia magoti ile prosesa.

Devin akakaa. Vibao vikaanza kuchomoza, naye akakosa cha kwanza. Akapata kinachofuata, akakosa viwili. Alama kwenye kioo ilikuwa inafika, inapita, inarudi, na kibao kimeshazama. Aliongeza kasi, ikawa mbaya zaidi. Tanuru lilikuwa linanguruma nyuma yetu.

"Bado inakwama," Devin akasema.

"Haikwami, bwana. Mstari huo hapo, umelala."

"Nakwambia inakwama."

"Basi kiti," akasema Gord.

Sisi tuna desturi yetu. Anayelaumu mashine anampisha mwenzake kwenye kiti kilekile, na kipanya kilekile, acheze mchezo uleule. Mwenzake akishindwa, mashine ina kosa na wote tunaitafutia dawa. Mwenzake akiweza, mlalamishi hufunga mdomo na kununua vitumbua vya Jumamosi ijayo. Hakuna anayekataa kiti. Ukikataa, utaitwa majina mpaka Pasaka.

Gord akaanza kukunja mikono ya shati. Devin akamzuia.

"Marnie akae."

"Mimi wa nini? Gord anacheza vizuri kuliko mimi."

"Wewe nakujua unavyolenga. Kaa, dada."

Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto lake. Wakati Gord anarudisha mchezo mwanzo, niliwaza upesi kuliko nilivyowahi kuwaza nikiwa kwenye usukani. Nikikosa tu, mambo yote yanatulia. Devin atasema mliona, ni mashine, na Gord ataichomoa prosesa yake airudishe dukani akinung'unika. Kirsi atapata mtoto. Mambo mepesi kabisa, kukosa. Nani hawezi kukosa?

Nikageuka nikamtazama Kirsi pale ngazini. Macho yake yalikuwa yananiomba, wala hakuyaficha. Alikuwa anajua ninachokiwaza na alikuwa anakitaka.

Na mimi nilimpenda yule mwanamke, na bado nampenda. Lakini nilimkumbuka Devin akiwa kijana mdogo anamshikia Baba kijiko, Baba anamtemea uji shatini, naye anafuta na kuanza upya bila kulalamika. Nikawaza mtoto mwingine anashika kijiko kingine, na kwamba nitakuwa mimi niliyemkabidhi kwa sababu nilikosa makusudi kwenye mchezo. Hasira ikanipanda. Kibao cha kwanza kilipochomoza, nilikipiga katikati.

Nikapiga na kinachofuata, na kingine. Ile mashine ilikuwa tamu, sijawahi kushika nyingine kama ile. Unawaza, nayo imeshafika. Nilipiga vyote mpaka mchezo ukaisha wenyewe. Nilikuwa nalia tangu katikati, na sikukosa.

"Haya, kijana," Gord akasema, akimpiga Devin begani. "Vitumbua vya wiki ijayo ni vyako." Akacheka, akaona anacheka peke yake. Akanitazama, akamtazama Kirsi. "Kuna nini? Ni mchezo tu."

"Gord," Devin akasema kwa upole, "nenda nyumbani, ndugu yangu. Asante kwa kazi. Prosesa ni nzuri. Umesema kweli tangu mwanzo."

Gord akakusanya bisibisi zake, akapanda ngazi akimpita Kirsi pembeni. Tulisikia mlango wa juu ukifungwa.

Devin akajiegemeza ukutani. "Ulitaka kukosa," akaniambia.

"Nilitaka."

"Ningekuamini. Hilo ndilo baya. Najua unavyolenga, na bado ningekuamini."

"Devin, huenda ni uchovu. Wewe na zile zamu za kiwandani—"

"Kiwandani wamenitoa kwenye mishono ya juu, ile inayotaka mkono uliotulia, tangu mwezi uliopita. Ninyi sikuwaambia. Wao niliwaambia ni kosa la glavu mpya." Akavuta pumzi. "Jumatatu nawapigia hospitali. Nitapima."

"Nitakusindikiza," nikasema.

"Hapana. Kusindikizwa sitaki. Utaingia na wewe."

Hapo ndipo nilipogundua jinsi nilivyokuwa jasiri kwa mwili wa mwenzangu. Nilianza kusema sina dalili yoyote, mkono wangu umetulia, ameona mwenyewe. Maneno yakafika mdomoni yakanishinda, kwa sababu na yeye mwaka jana alikuwa anapiga kila kibao.

"Tulipeana mikono," nikasema. "Tuliahidiana."

"Tulikuwa wapumbavu wawili. Sitaki kuwa peke yangu kwenye kile chumba, Marnie. Nakuomba."

"Sawa," nikasema. Magoti yalikuwa yanatetemeka, na sikujua ni hofu tu au ni nini, na sasa kila kitu nitakuwa nakiuliza hivyohivyo.

Devin akamgeukia mkewe. "Kirsi, nisamehe. Niliapa, lakini siwezi. Sitaweza kuzaa mtoto nikiwa na hili."

Kirsi aliiweka sahani kwenye ngazi, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Nilikuwa nimeshachagua na jina," akasema.

Devin akamuuliza ni jina gani. Kirsi akatikisa kichwa, akainuka akapanda juu, na hakulitaja siku ile wala siku nyingine.