Dramu za Albamu ya Tatu

Mama yao, enzi za uhai wake, alikuwa akiwaambia majirani kwamba Mungu amempa watoto wawili, mmoja wa kupiga kelele na mwingine wa kupiga vitu. Wala hakuwa akitania. Binti aliimba hevi metali, muziki ule wa magitaa yanayonguruma kama mashine ya kusaga. Sauti yake ilitoka chini ya kitovu, nzito, ya kukwaruza, na wasiomjua walidhani wanamsikia mwanamume aliyenyimwa haki yake. Mashabiki wakambatiza Ngurumo. Mdogo wake alikaa nyuma yake kwenye dramu, akazitwanga mpaka naye akaitwa Nyundo. Kwa miaka mingi walizunguka na bendi yao, ukumbi kwa ukumbi, mmoja akipayuka na mwingine akibomoa, na aliyewaona jukwaani hakuhitaji kuambiwa kwamba hawa wamenyonya ziwa moja.

Siku moja Nyundo akaacha. Hakugombana na mtu. Alifungua dramu zake baada ya onyesho, akasema amechoka, akaenda kufungua duka la fremu za picha. Bendi ikajikongoja miezi michache bila yeye, kisha kila mtu akashika njia yake.

Ngurumo hakumuuliza kwa nini. Wapo watu wa namna hii, wanaoweza kungurumia ukumbi mzima lakini hawawezi kumuuliza ndugu yao swali moja kwa sauti ya chini. Alinuna. Akaingia studio akatoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, jina lake tu kwenye jalada na uso wake tu, ili mtu fulani aone. Alimkodi mpiga dramu hodari, aliyekwenda sawasawa na saa ya ukutani, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. Nyundo siku zote alichelewa kidogo, unywele mmoja tu, na ndani ya unywele ule Ngurumo alizoea kuweka pumzi yake. Kwa huyu mpya alijiona kama anafukuzwa na mbwa. Watu waliisifu sana albamu ile. Yeye hakuweza kuisikiliza hata mara moja.

Ya pili aliirekodi nyumbani, chumbani kwake, godoro limesimamishwa dirishani ili majirani wasiite polisi. Hakuweka dramu kabisa. Gitaa lake na sauti yake, basi. Akimaliza wimbo alibaki amesimama palepale, anaisikiliza friji ya jikoni. Alipika chakula cha mtu mmoja akakila hukohuko jikoni, mkono mmoja umeshika sufuria. Alikuwa mpweke, tena upweke wa kujitakia, ambao ni mbaya zaidi kwa sababu huna wa kumlaumu.

Albamu zote mbili alimpelekea mdogo wake. Alimpigia na simu pia, lakini siku hizi Nyundo hakupokea simu ya mtu, alijibu kwa ujumbe tu. "Nimezipata dada. Asante sana." Ngurumo aliyasoma maneno yale akayaona kama mlango uliofungwa kwa adabu.

Sasa ilikuwa zamu ya albamu ya tatu. Nyimbo zilikwisha kurekodiwa, magitaa yamo, sauti imo. Zilikosekana dramu tu.

"Tuweke za kompyuta," alisema fundi mitambo wa studio, mtu mnene, mpole, aliyezoea kuzungumza huku macho yakiwa kwenye skrini. "Au nimwite yule wa albamu ya kwanza."

"Hapana."

"Sasa dada, utafanyaje? Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mimi sina chawa."

Fundi alicheka mpaka kiti kikalia. "Haya. Basi tunaitoa hivihivi?"

"Atakuja mdogo wangu kupiga."

Hapo ndipo fundi alipomgeukia. "Amekubali?"

"Sijamuuliza."

Ukweli ni kwamba hakuwa na shida ya dramu. Wapiga dramu wako tele. Alimtaka mdogo wake nyuma ya mgongo wake tena, hata kwa albamu moja. Na alikuwa amekwisha kujiapia moyoni kwamba Nyundo akikataa, albamu hii haitoki, wala hataimba tena. Kuimba peke yake kulikuwa kumemshinda, ila alikuwa hajampata wa kumwambia.

Alipiga moyo konde akaenda dukani. Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chembamba, kuta zimejaa fremu tupu za kila kimo, na meza ya kukatia vioo katikati. Chini ya meza palikuwa na pipa limefurika vipande vilivyovunjika. Nyundo alipomwona mlangoni akaacha kazi, akamkumbatia, akamkalisha mbele yake kabisa, uso kwa uso, kama daktari na mgonjwa.

"Dada! Umekonda. Huli?"

"Nakula. Wewe je, biashara?"

"Wazima wote, wanakusalimu."

Ngurumo aliona jibu limekwenda kando, akalipuuza. Alikuwa na lake. Akajikaza kuuliza kwa mbali kwanza, kama wafanyavyo watu waoga.

"Ile albamu ya pili, uliisikiliza?"

Nyundo alimtazama mdomo, akatabasamu. "Sana! Naisikiliza hata nikiwa kazini. Nzuri sana. Na dramu zimetulia. Nani alikupigia?"

Ngurumo alimkodolea macho. Albamu nzima haina dramu, haina hata kijiko kilichogonga bilauri, na huyu, damu yake, anamsifia mpiga dramu! Kwa hiyo hakuwahi hata kuifungua. Yeye kule na godoro lake dirishani, akiimba kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe hana habari. Alisimama, akasema ana haraka, akatoka.

Alifika mwisho wa mtaa, akasimama. Watu wakapita, wanamgonga bega, wanaomba radhi. Aliona akifika nyumbani hivi, atalia, na kulia alikuwa amechoka nako. Bora agombane. Ugomvi angalau unahitaji watu wawili.

Akarudi mbio. Nyundo alikuwa amempa mgongo, ameinamia meza, anapima kioo.

"Nyundo!"

Kimya.

"We Nyundo, nasema na wewe!"

Mdogo wake alisogeza rula, akapuliza vumbi. Basi Ngurumo akaona kumbe na dharau imeongezwa juu yake, na hasira zikampanda mpaka utosini. Akavuta pumzi, akaitoa sauti ile ya jukwaani yenyewe, ile ya chini ya kitovu, yote, bila kubakiza. Fremu zilitikisika ukutani. Muuza viatu wa duka la jirani akaja mbio na kiatu kimoja mkononi, akidhani kuna mtu amekatwa. Akaganda mlangoni, mdomo wazi.

Nyundo alikuwa bado anapima. Alipoinua uso, alimwona kwanza muuza viatu, akashangaa sura ile, akafuata macho yake, akageuka. Dada yake alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Muuza viatu alikuwa mtu mwenye akili, akaondoka taratibu.

"Tangu lini?" Ngurumo aliuliza.

"Toa mikono mdomoni, dada. Sioni unavyosema."

Akaitoa. Akauliza tena.

"Muda mrefu. Yalianza kuondoka matoazi. Halafu magitaa. Halafu wewe." Aliongea kwa sauti kubwa kuliko chumba kilivyohitaji, na Ngurumo akajiuliza ni mara ngapi alikuwa ameidhania sauti hiyo kuwa ni furaha. Kwenye bendi yao walikuwa wakiwacheka wanaovaa vizibo vya masikio, wakisema hivyo ni vya wapiga kinanda wa harusini. Wote walicheka. Aliyekaa katikati ya matoazi alikuwa mmoja tu.

"Na ulikuwa unapigaje, kama husikii?"

"Nilikuwa nakuangalia mabega. Yakipanda, najua unavuta pumzi. Yakianza kushuka, napiga."

Ngurumo akakaa chini, palepale sakafuni, kati ya vumbi la mbao. Kumbe unywele ule aliokuwa akiungojea miaka yote, mwenzake alikuwa akimngojea yeye.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kuimba. Nakujua wewe. Ungesema ni sauti yako iliyoniharibu." Alichuchumaa ili wawe sawa. "Albamu zako ninazo. Mke wangu husikiliza, halafu huniandikia maneno ya nyimbo. Maneno nayajua yote. Sasa yeye na muziki, kama unavyomjua. Hakuniambia ya pili haina dramu."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha msibani kile, cha kuiba.

"Njoo unipigie hii ya tatu."

"Nitapigaje kitu kilichokwisha kuimbwa? Rekodi haina mabega."

"Nitaziimba upya. Zote."

Fundi mitambo alilalamika, kama ilivyo kazi yake. Alisema mwimbaji na mpiga dramu hawawekwi chumba kimoja, sauti zitaingiliana, ni fujo, yeye hahusiki. Ngurumo akamwambia aziache ziingiliane. Alivaa fulana isiyo na mikono, akasimama mbele ya dramu, amemwelekea mdogo wake. Miaka yote alikuwa amempa mgongo. Sasa aliuona uso wake anapopiga: alikuwa ameuma ulimi pembeni, kama alivyokuwa akifanya utotoni akifunga kamba za viatu, na macho yake hayakubanduka mabegani kwa dada yake.

Akavuta pumzi. Nyundo akachelewa unywele mmoja. Ngurumo akaingia ndani ya unywele ule kama mtu anayeingia nyumbani kwake, akaimba kama ambavyo hakuimba tangu bendi ife.

Walipomaliza wimbo wa kwanza, fundi aliondoa mikono kwenye mitambo, akasema kwamba yeye hapa hagusi kitu. Akafungua spika kubwa wausikilize.

Ulikuwa wenyewe. Ulikuwa mzuri kuliko vyote alivyowahi kufanya, pamoja na bendi au peke yake, na Ngurumo aliligundua hilo kabla hata ya ubeti wa kwanza kwisha. Akamgeukia mdogo wake amwambie, "Unasikia?" Akakumbuka kabla hajalitamka.

Nyundo alikuwa bado kwenye kigoda chake, fimbo zimelala mapajani, jasho linamtiririka. Hakuwa akitazama spika. Alikuwa akimtazama yeye usoni, kwa makini yaleyale, akijaribu kusoma humo wimbo umetokaje.

"Umetoka vizuri?" aliuliza, kwa sauti kubwa, juu ya muziki.

Ngurumo alitaka kulia, lakini akilia, Nyundo angedhani ameuharibu. Basi akatabasamu. Wimbo wenyewe ulikuwa mrefu, na yeye akaendelea kutabasamu mpaka ukaisha.