Madoa ya Upande Mmoja

Haya nilisimuliwa na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mwaka jana alipokuja kunipakia rangi mlango. Mdomo unasimulia, brashi inakwenda, na tone halidondoki.

Shemeji alipewa kazi ya kutia alama njia ya wasafiri wa miguu, ile inayoanzia ziwani, ikapanda milima, ikateremka mpaka pwani. Akaifuata peke yake toka ziwani, kopo mkononi, akipaka madoa ya njano kwenye mawe. Alipofika baharini akajigamba, "Njia hii hata mke wangu, anayepotea sokoni, hapotei."

Mkewe akasikia. "Basi nitaipanda. Nikipotea, utajipikia mpaka kope ziote mvi."

Wakapatana: mume atangulie kwa gari hadi nyumba ya wasafiri mlimani, mke apande kwa miguu kutoka pwani. Siku yenyewe jua likainama, ukungu ukaanza kutanda, mke hajatokea. Na huko kuna magenge ya miamba, chini shimo. Anayekosea njia haulizwi mara mbili.

"Tulia, fundi," mtunza nyumba akamwambia. "Wamesema kawia ufike."

"Hao waliosema hawajaoa nilikooa mimi," fundi akajibu, akateremka mbio.

Madoa yake yote aliyaona, yanang'aa. Mbele kidogo kamba ya kiatu ikafunguka. Akainama, akatupa jicho alikotoka. Mawe matupu! Akalizunguka moja: huku njano, huku kijivu. Alikuwa amepaka akishuka, akapaka nyuso zilizomtazama yeye tu. Anayepanda haoni kitu.

Akaita. Ukungu ukaimeza sauti. Akaita tena.

"Acha makelele, nakuja!"

Mkewe akatokea. Anapiga hatua chache, anageuka nyuma. Hatua chache, anageuka.

"Nilipotea mapema," akasema. "Nilipogeuka nirudi nyumbani, ndipo nikayaona madoa yako, yamejificha migongoni mwa mawe kama wadaiwa. Toka hapo nakwenda nikitazama nyuma. Shingo imekuwa ya bundi."

"Nisamehe, mke wangu."

"Kesho tunashuka wote. Wewe utapaka, mimi nitakaa juu ya mawe nikuonyeshe mgongo uko wapi."

Kule nyumba ya wasafiri mke alisinzia kabla hajavua kiatu cha pili. Fundi akamvua, akakoroga rangi iliyobaki, akafunika kopo, akaliweka mlangoni. Akajilaza. Mara akageukia upande wa pili, akalala.