Katika Bwawa Hili Pumzi Haibanwi

...na huyu msichana na muziki wake, eti tutikise mabega, mabega yangu yameshatikiswa ya kutosha, mwanangu, yaache, lakini natikisa kwa sababu Merv ananitazama, au anatazama upande wangu, siku hizi siwezi kuapa, "Vizuri sana, wapendwa! Kushoto sasa!" anaita Tahlia kutoka ukingoni, fulana ya njano, filimbi shingoni, wapendwa, kama tuko chekechea, nasi tumo ndani ya maji ya kifuani na kofia zetu za mpira, waliosahau na sisi tuliowaleta, na ukitutazama kwa mbali hutajua nani ni nani, Merv ameshika chuma cha ukingoni kwa mikono yote miwili, mume wangu, ambaye hapa hapa, bwawa hili hili, kabla halijaezekwa paa, kabla maji hayajapashwa moto, alikuwa anafundisha watu kupiga mbizi, anawatosa kule upande wa kina na mitungi yao ya hewa mgongoni huku akiwatukania mama zao, sasa ameshika chuma, midomo wazi, anaogopa maji ya kifuani, lo, Mungu wangu, mpe kumbukumbu kidogo tu, sikuombi zote, nipe asubuhi hii. Kwa sababu kesho Robyn anakuja na gari. Binti yetu ameshapata chumba kwenye nyumba ya wazee, safi, anasema, na wauguzi wapole, na sanduku la baba yake liko kitandani tangu jana, nimekunja soksi, nimekunjua, nimekunja tena, nikamwambia kwenye simu, Robyn, hebu nipe siku moja, nimpeleke bwawani, akinijua simtoi, tutakufia nyumbani wote wawili na hutasikia kelele, naye akasema "Sawa, Mama," kwa ile sauti ya kumpa mtoto pipi ili atulie, na mimi pipi nimeichukua, nimekuja nayo hadi humu majini. Akinijua. Basi. Aseme Glenys. Hata anitukane, akisema wewe mwanamke una kichwa kigumu nitajua ni mimi anayeambiwa, nani mwingine. "Mikono juu ya maji! Kama mabawa!" ...mabawa, haya, mabawa.

Enzi zile hakukuwa na mabawa wala muziki, baridi tu, meno yanagongana, na hakukuwa na mwalimu, mwalimu alikuwa yule aliyezama wiki moja kabla yako akarudi hai, hatukuwa na vitabu, cheti tungempelekea nani, Merv alitengeneza kifaa chake cha kupumulia kwa vipuri vya ndege za vita alivyovitoa kwenye duka la vyuma chakavu huko Port Adelaide, mtungi wenyewe ulikuwa wa kuzimia moto, ukivuta hewa unasikia kutu na mpira na kitu kingine ambacho hakuna aliyetaka kukijua, na nguo za kuzamia tulizigundisha sisi wenyewe jikoni kwa mama, gundi mezani, poda kila mahali, na mama akakuta sufuria yake ya jemu imekuwa nyeusi tititi, "Mnapika nini humu, wachawi nyie?" na Merv, bila hata kugeuka, anakoroga madini ya risasi yaliyoyeyuka, "Mkanda, mama," kwa sababu mikanda ya uzito, ya kukuvuta chini, haikuuzwa popote, unayeyusha mabomba ya risasi ya zamani unamimina mwenyewe, na mama yangu akaenda kukaa uani akacheka hadi akalia, ndiyo siku alipomkubali. Wale wanaume wa klabu yetu ya wapiga mbizi, je, walivyoniona nimebeba mtungi, "Huyu naye atazama na viatu virefu?" wakagongana viwiko, na Merv akawaambia, nyamazeni, huyu anapumua taratibu kuliko nyie wote, nyie mnahema kama ng'ombe mlimani, na mimi nikajifanya sijasikia, lakini nilisikia, kumbe nilisikia, nimeishi kwa sentensi ile miaka yote hii, wenzangu waliambiwa wana macho mazuri, mimi niliambiwa napumua taratibu. "Bibi Glenys, usisimame, mpendwa!" Sijasimama, nafikiri, kuna ubaya? Mazoezi yalikuwa hivi, unatupa kila kitu kule chini, mtungi, miwani, mapezi, mkanda, halafu unaruka mikono mitupu, unatafuta koki ya mtungi kwanza, koki kabla ya kitu chochote, unafungua, unavuta hewa, ndipo unavaa kimoja kimoja bila haraka kama mtu anayejiandaa kwenda kanisani, na Merv anakuja kwa nyuma anakunyofoa miwani, anakufunga bomba la hewa, ili baharini usishtuke, na zoezi nililolipenda ni lile la watu wawili mpira mmoja wa kupumulia mdomoni, unavuta mara mbili unampa mwenzako, anavuta mara mbili anakurudishia, na wakati mpira uko kwake wewe unaachia vipovu kidogo kidogo, hubani, hubani kamwe, unamtazama tu machoni na kuamini kwamba atakurudishia, ndivyo tulivyochumbiana sisi, mate yake yalikuwa na ladha ya mpira na tumbaku, halafu usiku tunasimama kwenye gari la kuuzia pai, pai ya nyama imezamishwa kwenye supu ya njegere, nywele zinachuruzika ndani ya bakuli, ananiambia nimekosea wapi. Hakunisifu tena. Hakuna haja, angesema, nilishasema.

"Haya, sasa mchezo!" Tahlia anapiga makofi, "Vuta pumziii... ibane! Uso ndani ya maji, tuone nani atakaa zaidi!" na wazee wa watu wanatunisha mashavu, na mimi nami nimevuta, na ghafla mikono ya Merv haiko kwenye chuma. "Nani kasema kubana?" Sauti hiyo. Sijaisikia tangu, sijui, tangu alipoanza kuweka viatu kwenye friji, sauti iliyokuwa inavuka bwawa zima bila kipaza sauti, "Wee msichana! Ndiyo, wewe mwenye njano! Katika bwawa hili hakuna mtu anabana pumzi! Unataka kuniulia watu?" Tahlia amepauka, "Mzee Merv, ni mchezo tu, maji ni ya kifuani..." "Ya kifuani ndiyo yanayoua! Mapafu yanapasuka mtu akipanda huku amebana hewa ya mtungi kifuani, hukufundishwa? Nani kakupa filimbi?" na ni kweli, ni kweli kabisa, amesema sawasawa, hajachanganya hata neno, ilikuwa ndiyo sentensi yake ya kwanza kwa kila darasa kabla hata ya kusalimia, tangu yule kijana wa klabu nyingine alipoibuka pale kwenye gati la Port Noarlunga na povu la waridi mdomoni, alikuwa amebana tu, basi, aliogopa akabana, Merv alishika miguu yake kumpandisha ngazi na hakula siku ile, na sasa amesimama katikati ya maji, mgongo umenyooka, kidole juu, mume wangu, jamani, huyo hapo, amerudi! Nimeshampigia Robyn simu kichwani mwangu, nimeshamwambia usije, mama yako hakuwa na wazimu, nimeshatoa soksi kwenye sanduku nikazirudisha kwenye droo yake, na anageuka, ananitazama, mimi, macho makali yale yale. "Na wewe."

"Mimi, Merv. Ni mimi." "Usimsikilize yule," anasema, amepunguza sauti, amekuja karibu, "Mara yako ya kwanza?" Nini? "Unaogopa, naona. Siku ya kwanza kila mtu anaogopa, bibi, usione haya," na anachukua mkono wangu, anauweka chini ya mbavu zangu mwenyewe, mkono wake juu ya wangu, mpole, mpole hivi hajawahi kuwa kwangu, mimi alininyofoa miwani, mimi alinifunga bomba, "Vuta. Toa. Isikie inavyoingia. Usiihesabu, usiifungie, iache ipite," na mimi navuta, natoa, nifanye nini, "Aaa, unaona? Unapumua taratibu wewe. Ninaye mwanafunzi mmoja tu anayepumua hivyo," na moyo wangu, huu mjinga, unaruka, "Nani?" "Glenys," anasema, tabasamu linaenea uso mzima, "huyo sasa ni mwingine, huyo ukimwona majini, bibi, utasahau kupanda. Usimwambie mtu, nataka kumwoa." Glenys ni mimi, namwambia, nimelisema kwa sauti, watu wamegeuka, Merv, Glenys ni mimi, nitazame vizuri, na anacheka, si kwa ubaya, anacheka kama mtu aliyetaniwa na shangazi wa jirani, "Ungemwona usingesema hivyo." "Haya wapendwa, tumetulia? Tumetulia. Mabega tena!" na muziki umerudi, na Tahlia ananipa ile sura, pole, mama, pole ya nini, na Merv amerudi kwenye chuma chake, lakini haogopi sasa, amekiegemea kama kijana aliyeegemea baiskeli, anatazama mlango wa chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo, "Amechelewa leo," anajisemea, na mimi natikisa mabega, kulia, kushoto, na natafuta ile hasira yangu siioni, nilidhani kapotea nikaja kumtafuta, kumbe hajapotea, yuko mahali pake, ana darasa, ana hewa, ana mchumba, na mchumba wake ni mzuri kuliko mimi na hatazeeka na hatakufa, ni mimi ambaye sipo, nimetafutwa na nani mimi, hakuna, Robyn akija kesho nitambebea sanduku mwenyewe hadi garini, kwani atakosa nini kule, atamsubiri yule msichana huko kama anavyomsubiri hapa, na mimi nikienda kumtembelea nitakuwa bibi fulani mwenye kupumua vizuri, nitakaa kidogo, nitaondoka, hatauliza. Namwonea wivu. Msichana mwenyewe ni mimi na namwonea wivu, angalia upumbavu huo, "Kulia, wapendwa! Kushoto!" na Merv ananigusa begani kwa ncha za vidole, kwa adabu, adabu anayowapa watu asiowajua, "Samahani, bibi," anasema, na anajinyoosha kutazama nyuma yangu, "sogea kidogo, unanizibia mlango," na nasogea.