Mkia wa Ndege ya Shiundu

"Mama Millicent, hebu nisomee hapa. Uzi umesimama wapi?"

Asenath alikuwa amejinyoosha kitandani na nguo zake za kazi, na hakuinuka. Mumewe alikuwa amepiga magoti kando ya meza, shavu limekaribia mbao, jicho moja amelifumba. Mbele yake ilikuwa ndege yake ya mfano ya kivita, rangi ya majani makavu, mabawa yamejaza chumba hata mtu aliyetaka kufika kwenye jiko ilibidi ainame. Shiundu alikuwa ameichonga tangu mvua kubwa zianze. Mbao alizitoa kwenye makreti ya matunda, mota na rimoti kwa mtu wa Ngara auzaye vyombo vilivyotumika. Babu yake alipigana Bama katika Vita vya Pili vya Dunia, na hadi kufa alisimulia jinsi ndege ndogo za vita zilivyopita juu ya msitu, chini sana hata akauona uso wa rubani. Shiundu alikua na habari hiyo kichwani. Sasa, nywele zikiwa nyeupe, alikuwa ameamua kutengeneza moja.

Mabawa yalikuwa yameshakaa. Aliyainua kidogo kwa mbele, kiasi cha kutoonekana upesi, ili yaupokee upepo kwa tumbo. Kazi iliyobaki ilikuwa mkia. Mkia, alimweleza mkewe mara nyingi, haupaswi kuinua uso wala kuinamisha. Hulala bapa sawasawa na mwili, la sivyo ndege haina adabu hewani. Ndiyo maana alikuwa ameweka juu yake kile kipimo cha nusu duara cha wanafunzi, akaning'iniza uzi wenye nati nchani. Uzi ukisimama kwenye sufuri, mkia uko sawa. Ila mistari ile ilikuwa midogo, na jicho la kushoto la Shiundu lilikuwa limeingia ukungu tangu mwaka jana, na la kulia lilichoka haraka.

"Uzi, mama."

Kutwa nzima macho ya Asenath yalikuwa mali ya kiwanda. Alikuwa mkaguzi wa mabeseni pale Baba Dogo: yalimjia kwenye mkanda, akaliinua kila moja kwenye taa, akatafuta ufa, povu, mdomo uliopinda. Zima, pitisha. Bovu, tupa. Alipotoka hapo alipitia kikao cha akina mama wa kanisa, na Marion, jirani yake wa mlango wa pili, alimwuliza mbele ya wote, "Na Baba Millicent bado anacheza na ndege yake?" Wanawake wakacheka. Asenath naye alicheka, tena kwa sauti kubwa kuliko wao.

Aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Kwa macho yaliyozoea kuona ufa mwembamba kama unywele, kuuona uzi kutoka kitandani haikuwa kazi. Uzi ulikuwa umeipita sufuri. Mistari miwili. Mkia ulikuwa umeinua uso.

Akisema hivyo, atachukua patasi. Atakata kibanzi, atakiingiza chini ya mkia, atapima tena, atamwita tena. Jioni yote. Kesho yote. Na keshokutwa, Jumapili, ndege ingeenda uwanjani, watu wangeitazama, na Marion angekuwepo. Kitu kidogo, kichungu, kikamwambia: acha ianguke, tumalizane nayo.

"Sufuri," alisema, akakirudisha kichwa kwenye mto.

"Una hakika?"

"Baba Millicent, si nimekwambia? Sufuri."

"Asante." Akasikia kopo la gundi likifunguliwa.

*

Jumapili baada ya ibada, uwanja wa mpira ulikuwa umejaa kuliko Asenath alivyotarajia. Vijana waliacha kucheza. Watu wa kanisa walisimama kando na Biblia zao kwapani. Shiundu alipita katikati yao na ndege mikononi, suti yake ya harusi za watu mwilini, na Asenath akabaki nyuma kidogo, karibu na Marion, kana kwamba na yeye amekuja kutazama tu.

Ndipo alipomwona Ndirangu. Ndirangu na Shiundu walikuwa wakigawana banda la useremala Gikomba tangu wote wawili wakiwa vijana. Hakuwahi kumwona Baba Dogo siku ya Jumapili.

"Shemeji," Ndirangu alimsalimu, akaivua kofia. "Sikutaka kuja, lakini mzee aliniapisha."

"Alikuapisha nini?"

Ndirangu alimtazama kwa mshangao. "Hakukuambia? Kabati la mwisho alilolikata lilirudishwa. Milango haikutani. Na lile la kabla yake nililirekebisha mimi mwenyewe, kimyakimya. Nikamwambia, Shiundu, macho yameanza kukukataa. Wacha kukata. Piga msasa, paka vanishi, msumeno tuwaachie wengine." Alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Akaniambia nije leo. Akasema mlango wa kabati unaweza kuusamehe, lakini mkia wa ndege hausamehewi. Ikiruka, nisimtajie tena habari ya macho. Na mimi nikakubali, shemeji. Ikiruka, nitakubali."

Katikati ya uwanja, Shiundu alikuwa ameiweka ndege kwenye majani makavu na sasa aligeuka, akamtafuta kwa jicho lake la kulia katika umati. Alipomwona, alimwinulia kidole gumba.

Kulikuwa na nafasi. Baadaye alijikumbusha hivyo mara nyingi: nafasi ilikuwepo, pana kama mlango wa kanisa. Alifungua mdomo. "Baba Millicent!" aliita, na watu wakageuka. Marion akageuka. Angesema nini? Kwamba ngoja, mume wangu, nilikudanganya? Mbele ya hawa wote?

"Sema, mama!" Shiundu aliitikia.

"Mungu akusaidie," alisema Asenath.

Wanawake wakaitikia, "Amina."

Mota ilinguruma kama nyuki ndani ya debe. Ndege ilikimbia, ikadunda mara mbili, ikauacha uwanja. Ikapanda! Vijana wakapiga mbinja. Kwa kitambo kifupi mabawa yalishika jua na ile ndege ikawa kitu halisi, si mbao za makreti, si kichekesho, na hata Asenath akaegemea mbele akitamani iende. Kisha Shiundu akaiongezea mwendo, na kadiri ilivyoongeza mwendo ndivyo mkia ulivyojiinua na pua ilivyoshuka. Akavuta kijiti cha rimoti. Pua ikapanda kidogo, ikakataa, ikashuka tena. Akavuta mpaka mwisho. Ndege ilijitupa chini karibu na goli, kichwa kwanza, kwa mlio mkavu kama wa kiti kinachovunjika.

Halafu kijana mmoja akapaza sauti, "Buda, hiyo si ndege, ni jembe!" na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko.

Shiundu alitembea hadi golini bila haraka. Alikuwa akiokota vipande na kuvitia kwenye gunia Ndirangu alipomfikia. Asenath alikuwa nyuma yao, akasikia.

"Umejionea mwenyewe," Shiundu alisema.

"Shiundu, ni ndege tu."

"Umejionea. Kesho nakuletea msumeno."

Njiani kurudi nyumbani, Asenath alibeba bawa lililobaki zima. Alitaka lianguke, livunjike, awe na sababu ya kulia. Walipofika kwenye ngazi za ploti yao ya vyumba vya kupanga, Shiundu alisimama kumngoja.

"Unisamehe," alisema. "Nimekuaibisha mbele ya watu wa kanisa."

Asenath alifungua mlango, akaingia na lile bawa, akakosa pa kuliweka.

*

Wiki ile Shiundu alikwenda kazini kama kawaida, akarudi na ncha za vidole zilizolika kwa msasa. Hakulalamika. Alisema Ndirangu ni mtu mzuri, amempa kona yenye kivuli. Gunia alilisukuma chini ya kitanda. Jioni, badala ya kuchonga, alikaa mlangoni akiwatazama wapita njia, na mtu akimsalimu alichelewa kuitikia, kama aliyekwisha kuzoea kwamba hawezi kujua ni nani.

Kiwandani, Asenath alianza kutupa mabeseni mazima. Aliliinua moja kwenye taa, akaona ufa, akalitupa, msimamizi akaliokota, akaligeuza huku na huku, akamwuliza, "Asenath, hili lina nini?" Halikuwa na kitu. Aliomba radhi, akapitisha lililofuata, akaingiwa na woga kwamba hilo ndilo lilikuwa bovu.

Jumamosi mchana Shiundu alikuwa akinawa uso uani, povu la sabuni limemfunika mpaka masikioni. Asenath alisimama karibu na taulo mkononi. Pengine aliweza kwa sababu Shiundu alikuwa amefumba macho.

"Uzi haukuwa kwenye sufuri," alisema.

Mikono ya Shiundu ilisimama usoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Mistari miwili. Mkia ulikuwa umeinua uso."

"Uliuona?"

"Niliuona."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye viwiko vyake. Aliinama, akasuuza uso taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, akabaki ameinama.

"Kwa nini, mama?"

Asenath alikuwa ameandaa majibu. Kwamba alikuwa amechoka. Kwamba kutwa nzima huangalia, huangalia. Hayo yalikuwa ya kweli, na akayaona yote hayatoshi.

"Nilitaka ianguke. Walikuwa wananicheka. Sikujua habari ya Ndirangu mpaka pale uwanjani, na pale napo nikanyamaza."

Shiundu alinyoosha mkono, akapewa taulo. Akajifuta, akalitundika kwenye kamba, akalinyoosha pembe zake moja moja. Alipozungumza, hakuzungumza naye. "Mistari miwili," alisema. "Kibanzi kimoja tu. Ningekikata kwa dakika." Kisha akaingia ndani, akalivuta gunia, akautoa mkia, akaupapasa kwa kidole gumba pale gundi ilipokaukia. Alikaa nao magotini mpaka chai aliyowekewa ikapoa. Asenath angependa amtukane. Alijua kumjibu mtu anayetukana.

*

Jumatatu aliomba ruhusa kazini, akaenda Gikomba. Alipita kwenye marundo ya mitumba, akapisha mikokoteni, akafuata harufu ya mbao mbichi hadi kwenye banda. Shiundu alikuwa kwenye kona yake, akisugua mguu wa kitanda. Alimwona mkewe, akaendelea kusugua. Ndirangu na mafundi wengine waliacha kazi.

"Shemeji! Kumeharibika nini?"

"Nimekuja kusema jambo," Asenath alisema, na sauti yake ikatoka ndogo. Akaanza upya, kwa nguvu, kama anayetoa ushuhuda. Alieleza habari ya uzi. Alieleza sufuri aliyoisema na mistari miwili aliyoiona. "Ndege haikuangushwa na macho yake. Niliiangusha mimi."

Ndirangu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu uso wake ukalainika, akatabasamu kwa upole ambao Asenath aliuogopa kuliko kicheko cha uwanjani.

"Shiundu," alisema, "una mke mzuri. Wangapi wangekubali kujipaka matope hivi kwa ajili ya mume?" Mafundi wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akamletea Asenath stuli.

"Sijipaki!" alisema Asenath. "Ni kweli!"

"Tumekuelewa, mama. Keti."

Aligeuka kumtazama mumewe. Hakukuwa na mwingine wa kumsaidia, na alijua anamwomba nini: amseme mkewe mbele ya wanaume aliofanya nao kazi ujana wake wote. Shiundu aliuweka chini ule mguu wa kitanda. Akakung'uta vumbi mikononi.

"Hajipaki," alisema. "Alinidanganya."

Aliyeleta stuli akabaki ameishika.

"Nilimwuliza mara mbili," Shiundu aliendelea, bila hasira, kama anayetaja urefu wa ubao. "Akaniambia sufuri. Nikatia gundi."

Ndirangu alijikuna shingo. Alimtazama Asenath, na safari hii hapakuwa na upole wowote machoni pake. "Sawa," alisema hatimaye. "Ndege tumeielewa. Lakini lile kabati, Shiundu? Na jicho lenyewe?"

"Jicho ni bovu. Sijakataa. Lakini nilikuwa na jingine nyumbani."

Asenath alitazama chini. Uso ulimwaka moto, na hakuinua mkono kuufunika.

Ndirangu alikwenda nyuma ya banda, akarudi na ubao mrefu wa mvule, ambao haujaguswa. Hakuleta msumeno. Aliulaza ubao kwenye meza ya kazi, mbele ya Shiundu, akaweka randa juu yake.

"Anza na huu," alisema. "Tutaona."

Mafundi wakarudi kwenye kazi zao. Nyundo zikaanza tena, moja, halafu nyingi. Shiundu alipitisha kiganja juu ya ubao kutoka mwisho hadi mwisho, akafumba macho yote mawili, akakipitisha tena. Akashika randa, akasukuma. Utepe mwembamba wa mti ulijikunja, ukapanda, ukaanguka chini. Akasukuma tena.

Asenath alisimama upande wa pili wa meza. Hakuna aliyemwambia aende, na Shiundu hakumwambia abaki. Maranda yalimwangukia viatuni, mepesi, bado yana joto la chuma, na yeye hakusogeza miguu.