Uji wa Vifaranga

Mama mkwe alimpa mkaza mwana wake tangi moja tu, lile la nyuma ya jiko alilozoea kukingia maji ya mvua.

"Fuga samaki wako humo," alisema. "Wakikushinda, nirudishie tangi langu."

Kundi la kwanza lilimshinda. Vifaranga walikula, wakakua kidogo, kisha migongo ikaanza kupinda kama ndoano. Mwalimu wake wa masomo ya jioni ya ufugaji alimweleza kuwa chakula chao kimepungukiwa madini ya mifupa, akamwelekeza unga wa kuongeza. Basi kundi la pili lilipoingia, kila asubuhi, mtoto mgongoni, alichanganya ule unga na chakula kilichosagwa laini, akanyunyiza. Maji yakawa meupe kama tui.

"Nimeona watu wakikoleza mchuzi," mama mkwe alisema akichungulia. "Kukoleza tangi ndiyo leo."

"Ni madini, mama. Ya mifupa."

"Basi tangi litaota mifupa."

Wakacheka wote wawili, lakini mkaza mwana alisinyaa moyoni. Unga ulikuwa unayeyuka kabla midomo ile midogo haijaufikia. Alikuwa anatwanga maji kwenye kinu, na tayari kifaranga mmoja alikuwa anaogelea kiupandeupande, mgongo umeshaanza kupinda.

Mchana huo ikafika zamu ya mtoto na dawa yake ya unga, ya kuongeza damu. Akipewa kwa maji, yote huishia kifuani.

"Nipe mume wangu," mama mkwe alisema, akampakata mjukuu. "Mwanamume halishwi maji." Akaikoroga dawa kwenye uji mzito mpaka ikashikana nao. "Ukinitemea, naolewa kwingine."

Mtoto akameza, akaachama tena.

Mama yake alikuwa amesimama na kitambaa cha kumfutia, macho kwenye kile kijiko.

Jioni alipika uji wa wanga, mzito wa kunata. Ulipopoa akaukanda pamoja na chakula na madini, akautandaza kwenye sinia. Ulipokauka akausaga, akauchekecha. Aliponyunyiza, maji hayakugeuka rangi. Chembe zilielea, vifaranga wakapanda, juu pakabaki patupu.

Wiki zikapita. Siku moja mama mkwe alikuja mwenyewe na bakuli jeupe, akachota, akachuchumaa na mjukuu wake. Migongo midogo myeusi ilipita mbele yao, imenyooka kama sindano. Nyuma ya wenzake akaja yule mmoja, bado amepinda, ila tumbo limejaa.

"Na huyu?"

"Huyo hatanyooka tena, mama. Lakini anakula."

"Mwache ale. Hata mimi mgongo sina."

Akawarudisha majini taratibu. Kisha akatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya paa, akainuka, akaziburuta ndoo zake zote na kuzipanga chini ya mchirizi.

"Mvua yangu," alisema, "itakaa humu."